Nyongeza ya Shangazi

Usiku wa jana niliota niko dukani nanunua jina, na jina lilikuwa linapimwa kwenye mizani kama dagaa.

Kabla sijafika mbali mnijue kwanza, maana ndoto ya mtu usiyemjua haina ladha. Naitwa Somoe. Nakaanga bagia za kunde hapa Masasi, kwenye kibanda nyuma ya soko, na juu ya mlango kuna kibao kimeandikwa KWA SOMOE. Alikichora mume wangu, Baba Halfani, ambaye ni fundi rangi, zamani zile alipokuwa bado ananitafuta. Herufi ya mwisho ilikosa nafasi akaibana pembeni, ndogo, imeinamia ukuta. Watu wa sokoni wanasema nina mkono mzuri na uso mbaya. Uso wangu hauna ubaya wowote. Ni uso wa mtu anayekaanga.

Nina desturi moja pia, nayo si yangu peke yangu, ni ya soko zima. Mteja akishafungiwa bagia zake haondoki. Anabaki amenyoosha karatasi, anasema, "Niongezee basi, Mama Halfani." Hapo mimi nanuna. Namwambia, "Wewe nawe! Kila siku wewe!" Halafu nachukua moja katika zile zilizovunjika, ambazo nimeziweka pembeni ya chujio kwa kazi hiyohiyo, namtupia. Anaondoka anacheka. Hiyo ndiyo nyongeza. Ukiitoa huku unachekacheka, mtu atadhani bagia ni za jana.

Sasa juzi alikuja bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, Bwana Kisamo, mwenye viatu vya ncha kali. Kampuni yake inaitwa Bagia za Shangazi na ina matawi mikoani. Akatueleza kwamba siku hizi mtu hahangaiki kuanzisha biashara kwa kubahatisha. Unalipia, unapewa jina la kampuni, mashine yao, viungo vyao na mafunzo yao, na wateja wanakuja wenyewe kwa sababu jina wanalijua. Wewe unafuata masharti tu. Akatuachia kipeperushi chenye picha ya Shangazi: mama mnene, kilemba cha njano, sahani ya bagia mikononi, anacheka meno yote nje.

Baba Halfani akakipenda kile kipeperushi mpaka akala nacho mezani. "Mama Halfani," akaniambia, "utaungua na mafuta mpaka lini? Wenzetu wana mashine." Akiba ya korosho tunayo, na tulikubaliana Bwana Kisamo aje leo asubuhi tutie saini. Kwa hiyo jana jioni Baba Halfani akakishusha kibao akakiegemeza nyuma ya mlango wa chumbani. Kilipotoka ukutani kililia kidogo. Nikasema ni misumari, nikaenda kulala.

Haya. Niko dukani.

Muuzaji ni mizani, ile ya sokoni yenye uso wa duara na mshale, ila huyu amevaa tai. Nyuma yake kuna mashelfu, na kwenye mashelfu kuna majina yamekunjwa vizuri yametiwa kwenye mifuko ya nailoni.

"Nataka la Shangazi," namwambia.

"Kulichukua hili lazima uache la kwako," anasema Mizani. "Hatuvalishi mtu majina mawili. Joto. Panda hapa."

Napanda kwenye sahani yake, mzima mzima, na ninaenea. Mshale unasogea, unasogea, unasimama.

"Mama, una jina zito," anasema. "Limejaa moshi."

Anapeleka mkono nyuma ya shingo yangu, analichomoa jina kama mtu anavyotoa lebo ya blauzi mpya. Sikusikia maumivu. Nilisikia kaubaridi tu, pale penye ukosi.

"Ahsante," namwambia. "Mimi naitwa..." Nataka kumaliza, lakini kinachotoka mdomoni ni, "Tawi la Masasi."

"Karibu katika familia, Tawi la Masasi," anasema Mizani. "Mimi ndiye mkaguzi wako."

Makubwa! Namtazama, ananitazama. Nyuma yangu nasikia ko, ko, ko, mtu anatembea kwa kona. Nageuka. Ni kibao changu. Kimenifuata kutoka nyumbani, kinatembea kwa ncha zake mbili za chini, kimejaa vumbi.

"Umenisahau nyuma ya mlango," kinasema. Sauti yake ni ya Baba Halfani akiwa na mafua.

"Sikukusahau. Umepumzishwa."

"Nimepumzishwa kusomwa," kinasema. "Hakuna anayenisoma kule nyuma. Kuna ndoo tu na ndala."

Mizani anakiangalia juu mpaka chini. "Huyu asiwe na wasiwasi. Vibao vya zamani vyote vinapewa kazi makao makuu."

"Kazi gani?" kibao kinauliza.

"Ya joto," anasema Mizani, na anakaza tai.

Nageuka nitafute mlango wa kutokea, kumbe sina haja. Duka limekuwa kibanda changu, ila limepakwa njano kila mahali, mpaka jiko, mpaka paka wa jirani. Masharti yamebandikwa ukutani. La kwanza linasema: MTEJA AKIINGIA TAWI LOLOTE, AJIONE YUKO PALEPALE.

"Hilo zuri," namwambia Mizani. "Usafi uwe mmoja, meza ziwe namna moja."

"Hapana," anasema. "Palepale."

Anaingia mzee amevaa sweta mbili na kofia ya sufu, anapuliza viganja. Ananunua bagia, anatoka. Hajamaliza kutoka anarudi, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mzee wangu," namwambia.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Mzee Mgaya, wa Njombe. Nimetoka kwangu sasa hivi, nimeingia tawi la Njombe kununua bagia. Huko nje ni wapi?"

"Masasi."

"Basi nimepotea," anasema, kwa upole kabisa. "Nimeacha mke wangu jikoni na ng'ombe hajakamuliwa."

"Jaribu kutoka tena."

Anatoka. Anarudi. "Tanga," anasema. Anatoka, anarudi. "Tabora. Wamenisalimia vizuri." Anaketi kwenye benchi na mfuko wake wa bagia mapajani, anavua sweta moja. Mke wake, anasema, hapendi kusubiri.

Mizani hamjali. Ananiletea mfuko wa nailoni, ndani kuna kitu kimepigwa pasi kimekunjwa. Ni tabasamu. Sharti la pili: TABASAMU LIVALIWE MUDA WOTE WA KAZI.

Navaa. Linanivuta masikio yote mawili mpaka nasikia kisogo kinabana.

"Ni dogo," nasema kwa meno.

"Saizi ni moja mikoa yote. Utazoea."

"Mama wa tawi la Iringa alizoea?"

"Hajalalamika," anasema Mizani. "Hawezi."

Jamani, mimi nimezaliwa nanuna. Mama yangu alinuna, bibi yangu alinuna, na watu walikuwa wanatoka Nachingwea kuja kula kwa bibi yangu. Sasa nimesimama hapo meno nje kama nimeona bwana harusi, na moyoni nina hasira sina pa kuiweka.

Kwenye meza kuna kipakiti cha viungo. Ndiyo ile siri ya Shangazi, ambayo Bwana Kisamo alisema hata yeye haijui. Nakikaribia polepole.

"Ndani yako kuna nini?" nakiuliza.

"Sijui, mama," kinajibu. "Nilifungwa nikiwa mdogo."

Nakinusa. "Chumvi," nakiambia.

"Usiseme!"

"Chumvi na rangi."

Kinaanza kulia. Nakipa pole, nakipangusa. Ni kipakiti tu, hakikuomba kuzaliwa na siri.

Mashine nayo inafanya kazi. Inatoa bagia za duara, zote sawa, zimekaa mstari. Najaribu kutafuta alama ya vidole, maana bagia yangu ukiishika unaona pale vidole vyangu vitatu vilipoisukuma iingie kwenye mafuta. Hizi hazina alama ya mtu. Hata hazivunjiki. Namuuliza Mizani, zilizovunjika naweka wapi? Anasema hajawahi kusikia swali hilo.

Baba Halfani anaingia, furaha tele. "Si umeona, Mama Halfani? Inakaanga yenyewe! Wewe kaa tu!"

Nataka kumjibu, lakini namwona ana ndala moja, na nyusi ya kulia haipo.

"Baba Halfani, nyusi iko wapi?"

"Imekwenda makao makuu," anasema. "Sharti la tatu. Sehemu ya kila kinachoingia ni ya kampuni. Nimewapa na ndala. Hawana ubaya, wamenipa risiti." Ananionyesha risiti, amefurahi kweli.

Kweli, sharti lenyewe liko ukutani. Nzi anaingia, bawa lake moja linachukuliwa, anaendelea kuzunguka chini chini. Mzee Mgaya anatazama mkono wa sweta yake ukiondoka. "Huo aliufuma mke wangu," anasema. Harufu ya mvua inaingia kwa dirisha, nusu yake inakatwa. Inabaki harufu ya vumbi peke yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na hofu. Nyusi ya mume wangu siyo kitu kikubwa, lakini nimeizoea.

Mzee Mgaya ananyanyuka kwenye benchi. Anakuja mpaka mezani, ananyoosha mfuko wake. Anasema, taratibu, kama mtu anayesema jambo la kila siku:

"Niongezee basi, mama. Nimpelekee na yule mwenzangu, asininunie."

Mashine inasimama. Nzi anatua. Baba Halfani anajiziba mdomo. Kipakiti kinasema, "Yarabi."

Nayaangalia masharti. La nne, la mwisho, herufi kubwa kuliko zote: HAKUNA NYONGEZA.

"Mzee wangu," nasema kwa meno, "hapa haturuhusiwi."

"Sawa, mwanangu," anasema Mzee Mgaya. Hajalalamika hata kidogo. Ameanza kuukunja mfuko wake, anaukunja vizuri, kona kwa kona, na hapo mimi nikashindwa. Bora angenitukana.

Vidole vyangu vinakwenda vyenyewe kwenye pindo la kanga, pale ninapofungaga fundo. Nafungua fundo. Ndani kuna bagia. Ya kwangu, imevunjika kidogo, ya moto, ina alama za vidole vitatu. Natafuta uso wangu nimnunie, uso haupo, tabasamu limekaa njiani. Namtilia kwenye mfuko hivyohivyo, huku nacheka kama chizi.

Mshale wa Mizani unazunguka. Unazunguka tena, unapita namba, unatoa mlio wa birika.

"Kitu kisichopimwa!" anapiga kelele. "Tawi la Masasi limetoa kitu kisichopimwa!"

Tuko makao makuu. Hakuna aliyetembea. Tuko huko tu.

Makao makuu ni jiko moja kubwa, kubwa kuliko uwanja wa mpira, na kikaango kimoja ambacho upande wa pili hauonekani. Mafuta yanachemka. Chini yake kuna moto wa kuni, na mimi kwa kuwa ni mtu wa jiko naangalia kwanza kuni. Zimepangwa mpaka juu. Zina maandishi.

KWA MAMA TAUSI. CHAPATI ZA BI REHEMA. BAGIA ZA KIPARA KARIBUNI NYOTE. KWA SHEMEJI. Vingine vimechorwa kwa mkono uliotetemeka, vingine vina ua pembeni, kimoja kina picha ya kuku mwenye viatu. Vinaungua bila kelele. Rangi inavimba kwanza, halafu jina linakatika katikati.

Kibao changu kinachungulia moto.

"Kumbe joto lenyewe ni hili," kinasema.

"Nyamaza," nakiambia. "Simama nyuma yangu."

Niliogopa. Siwezi kujifanya shujaa. Jina langu nimeshalitoa kwa hiari yangu, shingoni nina baridi, na mahali pekee duniani lilipobaki limeandikwa ni kwenye ule ubao. Likiungua nitakuwa Tawi la Masasi mpaka siku ya kuzikwa. Nitasomewa dua ya tawi.

Ukutani, juu ya moto, yuko Shangazi. Amechorwa ukuta mzima. Kilemba cha njano, meno yote, sahani mikononi. Mizani anapanda juu ya kigoda mbele yake, anasoma mashtaka. Kosa ni moja. Adhabu ni mbili: tabasamu lipigiliwe, kibao kitiwe motoni.

"Shahidi," anasema Mizani.

Anatokea Baba Halfani, ndala moja, nyusi moja.

"Kibao hiki unakijua?"

"Nilikichora mimi."

"Herufi ya mwisho ni ndogo. Imepinda. Sisi herufi zetu zote ni sawa. Kwa nini hukuiacha?"

Baba Halfani anakitazama kibao. Anasogea karibu, anapangusa vumbi kwa kiganja. Anazipangusa herufi moja moja mpaka Mizani anakohoa.

"Rangi iliisha," anasema. "Ile ya mwisho niliikwangua kwenye kopo kwa ukucha, na nafasi ilikuwa hakuna. Lakini ningeiachaje? Nilikuwa nampenda huyu mwanamke. Nilikuwa nakuja kununua bagia zake nikiwa nimeshiba."

Miaka yote tuliyokaa pamoja hajawahi kuniambia hilo. Nilitaka kulia na lile tabasamu likanizuia, machozi yakapita juu ya meno.

"Alikuwa ananinunia," anaendelea Baba Halfani. "Halafu ananiongezea. Nikajua yumo."

"Kupenda hakuna namba kwenye uso wangu," anasema Mizani. Si kwa ubaya. Anasema kama anayesema duka limefungwa. "Kitieni."

Kibao kinaniegemea mgongoni. Nasikia ile herufi ndogo inatetemeka.

"Ngoja," inasema sauti.

Inatoka juu, ukutani. Ni Shangazi. Anaongea kwa meno, kama mimi, midomo haisogei.

"Hicho kitu kisichopimwa," anasema. "Kikoje?"

Mzee Mgaya anainua mfuko wake. "Hiki hapa, Shangazi, ila nimemwekea mke wangu."

"Mpelekee mkeo," anasema Shangazi. Macho yake yaliyochorwa yanateremka polepole mpaka kwangu. "Wewe. Una nyingine?"

Natia vidole kwenye pindo la kanga. Ipo. Imevunjika pembeni, na kando yake kuna kachupa ka chachandu yangu ya pilipili, kale kadogo.

"Niongezee basi," anasema Shangazi.

Sasa hapa nisikilizeni. Mimi soko limenilea. Mtu akisema maneno yale, kitu ndani yangu kinaamka chenyewe, hata nikiwa mgonjwa, hata nikiwa msibani. Nikavuta uso kwa nguvu zangu zote, nyusi zikaja katikati, midomo ikashuka, tabasamu likalia kwaa, likapasuka, likaanguka chini vipande vipande.

"Wewe nawe!" nikamwambia. "Unaomba nyongeza hata hujanunua!"



"Nitanunua na nini?" anasema Shangazi. "Nimechorwa bila mfuko."

"Si umeshika sahani imejaa?"

"Ni rangi," anasema. "Nilishailamba. Ni rangi."

"Na tangu wamekuchora hakuna aliyekukaribisha?"

"Wanasema niko kazini."

Hapo roho iliniuma, nawaambia kweli. Mwanamke ana matawi mikoa yote, jina lake linapimwa kwa kilo, watu wanavuliwa majina yao kwa ajili yake, na hajawahi kuonja bagia. Anacheka tu. Nikaichovya ile bagia kwenye chachandu, nikaichovya sana, maana mtu anayeonja mara ya kwanza humnyimi.

"Haya shika," nikamwambia, nimenuna barabara. "Na usizoee!"

Nikamrushia. Ikagonga ukuta, ikaingia. Shangazi akafunga mdomo.

Akatafuna.

Mnajua mtu hawezi kutafuna huku anacheka hivyo. Yale meno yalipopotea nyuma ya midomo, nikasikia kishindo kidogo, halafu kingine mbali, halafu vingi. Tabasamu zilikuwa zinaanguka. Iringa, Tanga, Tabora, kila tawi, zinaanguka sakafuni kama sahani, na baada yake ikaja pumzi moja ndefu, ya watu wengi wanaopumzisha mashavu. Kisha nikaanza kuwasikia. "Wewe nawe!" wanasema huko waliko. "Kila siku wewe!"

Moto ukazimika wenyewe. Vibao ambavyo havijaungua vikaanza kuruka kutoka kwenye kuni, ko, ko, ko, kila kimoja kinatafuta mwenyewe. Kile cha kuku mwenye viatu kilitangulia.

Mlango ukafunguka, upepo wa baridi ukaingia, na ng'ombe akalia. Mzee Mgaya akavaa sweta yake ya mkono mmoja. "Ni kwangu," akasema. "Ahsante, mwanangu. Huyu ng'ombe namjua sauti." Akatoka, na safari hii hakurudi.

Mizani amebaki kwenye kigoda. Mshale wake umelala. Analegeza tai, anatazama kulia, anatazama kushoto, ananiambia chini chini:

"Na mimi?"

"Wewe nawe!" Nikakung'uta fundo la kanga, yakatoka makombo. Nikamwekea kwenye sahani yake mwenyewe. Akainama kuangalia mshale.

"Usipime," nikamwambia. "Kula."

Akala. Sijui alikula kwa wapi, sikuona.

Kibao changu kikanigusa bega kwa kona. "Somoe," kikasema, kwa ile sauti ya mafua. "Twende nyumbani."

Ile baridi ya shingoni ikaondoka. Nikaamka.

Asubuhi. Baba Halfani anakoroma, nyusi zote mbili zipo, nilizihakikisha kwa kidole. Nyuma ya mlango kibao kimeegemea palepale alipokiacha, kati ya ndoo na ndala. Nikajicheka. Ndoto ni ndoto, nikasema, na Bwana Kisamo yuko njiani. Nikaenda mezani nikitoe kile kipeperushi chini ya mkebe wa chumvi nikiweke tayari.

Shangazi hakuwa anacheka.

Kilemba ni kilekile, sahani ni ileile. Lakini mdomo umefungwa, na shavu la kushoto limevimba. Kwenye kidevu kulikuwa na kitu chekundu. Nikakigusa kwa kidole. Kibichi. Nikaonja. Pilipili yake, ndimu yake, ule mvuto wa kitunguu swaumu ninachokichoma kwanza kwenye majivu. Hapa Masasi hakuna mwingine anayekichoma.

Nikamwamsha Baba Halfani. Alikuja anapepesa macho, akakishika kipeperushi mbali, akakileta karibu.

"Jana si alikuwa anacheka huyu?"

"Anakula," nikamwambia.

Akanitazama. Akamtazama Shangazi. Nikadhani atabisha, maana kubisha anaweza.

"Baba Halfani," nikasema, "zamani zile ulikuwa unakuja kununua bagia umeshiba?"

Akainamisha uso kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Mtu mzima yule, mvi zote zile.

"Nani amekuambia?"

Nikamwambia akatafute nyundo, akitundike kibao changu kabla soko halijafunguliwa. Akauliza, na Bwana Kisamo je? Nikasema aje, tutampa chai na bagia, saini hapana. Akatoka na kibao kwapani. Mlangoni akageuka akasema rangi kidogo anayo, kama nataka aikuze ile herufi ya mwisho. Nikamwambia aiache hivyohivyo.

Nikabaki peke yangu na kipeperushi. Nje nyundo ilianza kugonga. Nikakitazama tena kwa mara ya mwisho nikirudishe chini ya mkebe, na Shangazi alikuwa ameshameza. Shavu limeshuka. Sahani ameishika kwa mkono mmoja tu. Ule mwingine, ambao siku zote ulikuwa chini ya sahani, sasa ulikuwa umenyooshwa mpaka ukingoni mwa karatasi, kiganja juu.

"Wewe nawe!" nikamwambia.

Nikajifunga kanga, nikaenda kuwasha jiko.